Prosesa Inasingiziwa: SSD na Laptopu za Zamani

Shemeji yangu anafundisha Tandahimba. Alishuka Mtwara mjini na laptopu yake ya mwaka 2010, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i3 ya kizazi cha kwanza, akitaka itolewe diski iwekwe SSD, hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Duka la kwanza likamjibu: "Mwalimu, prosesa hii ya zamani, haikubali SSD. Tafuta mashine nyingine." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, huku na Lindi, na linawatoa watu pesa bure.

Nakiri wanaolisema wana sababu. SSD za M.2, vile vibao vyembamba vya upana wa milimita 22, zipo za SATA, njia ya zamani ya kuunganisha hifadhi, na za NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, na ukizitazama haraka hutofautishi. Chomeka ya NVMe kwenye tundu la SATA, mashine haiioni kabisa. Kompyuta nyingi za miaka ile pia haziwezi kuwaka kutoka kwenye NVMe, hata ukitafuta kadi ya kuunganishia. Fundi aliyewahi kumnunulia mteja kifaa kikagoma lazima aogope. Ila kilichogoma hapo ni tundu au BIOS, programu ndogo inayoiwasha kompyuta. Prosesa haihusiki.

SSD ya inchi 2.5 inaingia palepale ilipokaa diski, kwa waya uleule wa SATA, iwe prosesa ni ya Intel au AMD.

Hoja nyingine husemwa kwa kujiamini sana: SATA ya laptopu kama ya mwalimu inaishia megabaiti 300 kwa sekunde, wakati SSD inafika 550, kwa hiyo nusu ya pesa inapotea. Hesabu ni sahihi, lakini inapima kisichomsumbua mwalimu. Windows ikiwaka haisomi faili moja kubwa, inasoma vifaili vidogo maelfu vilivyotawanyika. Diski ya kuzunguka lazima isogeze kichwa chake kila mara, na kila mruko unakula kama milisekunde 12. Piga hesabu: ni vifaili kama 80 tu kwa sekunde. SSD haina kichwa cha kusogeza, inasoma maelfu kwa sekunde hiyohiyo, hata kwenye SATA ya zamani. Ndiyo maana mashine kuukuu hunufaika kuliko mpya. Tena haina sahani ya kukwaruzika laptopu ikirushwa mgongoni mwa bodaboda.

Tuliifungua wenyewe mezani. SSD ina unene wa milimita 7, nafasi ni ya 9.5, ikawa inacheza. Tukakata kipande cha boksi la viatu, tukakilaza chini yake, tukafunga skrubu. Zamani mwalimu aliwasha mashine kisha akaenda kuchota maji. Sasa hamalizi hata kuvuta kiti.

Pale prosesa inapobana kweli ni kwenye Windows 11: kwa Intel, Microsoft inataka kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifungwa tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi akimwambia mteja hilo, anamtendea haki. Mwalimu nimemwekea Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na alama za wanafunzi anaziandika kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi. Siku akipata mashine nyingine yenye nafasi ya SATA, SSD hiyohiyo ataing'oa ahame nayo.