Usiisome skrini, iandikie tu

Juzi niliwasha kerneli yangu ndogo (kiini cha mfumo endeshi), ile ninayoichezea usiku watoto wakishalala, kwenye kompyuta halisi badala ya ile ya kuigiza, yaani programu inayojifanya kompyuta. Kwenye ya kuigiza ilikuwa inapaa. Huku, ujumbe ulipofika chini ya skrini, mistari ikaanza kupanda kwa kujikokota hadi nikawa namaliza kuusoma mstari kabla haujasogea.

Kosa lilikuwa langu. Kila mstari mpya ulipoingia nilikuwa nanakili pikseli zote, yaani nukta zinazounda picha, kuzipandisha juu; huko ndiko kuskroli. Skrini ya 1920 kwa 1080, baiti 4 kwa pikseli, ni zaidi ya megabaiti 8. Mistari elfu moja ni gigabaiti 8 za kusoma na nyingine 8 za kuandika. Tena kinachoua ni kule kusoma. Prosesa ikiandika kwenye kumbukumbu ya video, ile inayoshika picha ya skrini, kwa kawaida hukusanya baiti na kuzituma kwa mafungu. Ikisoma, kashe (kihifadhi chake kidogo cha kasi) haisaidii: inaomba kipande, inasubiri, inaomba kingine.

Wazee wa VGA, kiwango cha zamani cha kadi za skrini za PC, hawakuwa na shida hii. Skrini yao ya herufi 80 kwa mistari 25 ilikuwa baiti 4,000 tu, moja ya herufi na moja ya rangi yake, na kuskroli kuliwezekana kwa kubadilisha rejista, yaani namba ndani ya kadi, inayosema skrini ianzie wapi kwenye kumbukumbu. Hakuna kilichohamishwa.

Kwa nini basi tuhamishe picha, wakati tulichonacho ni maandishi? Kwa fonti ya 8 kwa 16, skrini yangu inabeba herufi 16,080. Nikaziweka kwenye RAM ya kawaida, baiti 2 kila moja, na mistari ikawa duara, wa mwisho ukifuatwa na wa kwanza: kuskroli ni kusogeza namba ya mstari wa kwanza. Kisha nalinganisha na kilichoko kwenye skrini na kuchora herufi zilizobadilika pekee. Mistari mingi ya ujumbe wa mfumo ina nafasi tupu upande wa kulia, kwa hiyo kazi inayobaki ni ndogo ajabu. Ikija mistari 50 kwa mkupuo, naskroli mara moja.

Kwenye Linux jambo hili lilizua mvutano. Mwishoni mwa 2020 kuskroli kwa msaada wa kadi ya picha kulizimwa kwenye fbcon, sehemu ya kerneli yake inayochora maandishi kwenye skrini, na mwaka 2022 Helge Deller, mmoja wa watengenezaji wake, akakurudisha kama chaguo. Naelewa hoja ya waliokuzima, msimbo ule ulikuwa mzigo. Ila mwenye mashine ya zamani ndiye aliyekaa akitazama mistari ikijikokota, na mimi sasa namwelewa.

Mtego mmoja: ukichelewesha kuchora na kerneli ikafa katikati, mstari uliokuwa unauhitaji kuliko yote unabaki kwenye RAM. Kwangu, kerneli ikianguka, inachora yote papo hapo bila kulinganisha chochote. Hapo polepole naivumilia.