Kampira Kadogo, Mtaa Mzima

Aliyeamua oili ya giaboksi ya otomatiki iwe nyekundu hakuwahi kuishi Kigoma. Eti rangi ni ya kukusaidia: ukiona tone jekundu chini ya gari, giaboksi inavuja, ukiona la kahawia au jeusi, kaangalie injini. Haya, njoo hapa Mwanga uone udongo wetu. Wenyewe mwekundu toka enzi za mababu! Tone litaonekana wapi? Mpaka nitandike boksi la biskuti chini ya gari usiku, ndipo asubuhi nikakuta doa.

Fundi akainama, akachungulia, akasema, "Sili ya shafti hiyo, bosi, kale kampira kanakozuia oili pale shafti ya tairi inapoingia kwenye giaboksi." Akanitajia bei ya sili, nikacheka. Akanitajia bei ya ufundi, nikaacha kucheka. Nikasema nitafunga mwenyewe nyumbani.

Hapo sasa. Kampira kenyewe kanaenea kiganjani, ila kukafikia ndio kazi. Umwage oili, upige jeki, uweke stendi, utoe tairi, uvunjane mgongo na ile nati kubwa ya katikati, uachie boljointi, uchomoe shafti kwenye giaboksi bila kuichana mipira yake. Ndipo mwonane na sili. Ni kwenda kwa jirani kwa kupitia Kasulu!

Dukani nako vituko. Sili imeandikwa namba tatu: tundu la ndani, kipimo cha nje, unene, zote milimita. Tena ya kushoto na ya kulia mara nyingi si moja. Nyingine zina na mshale, shafti inazungukia upande gani. Muuzaji hataki habari hizo. "Chukua hii kaka, mpira ni mpira." Nikataka kumuuliza, kama mpira ni mpira, mbona hukuvaa tairi? Nikamtazama miguuni. Kavaa katambuga.

Na watu! Ukishalala chini ya gari mtaani kwetu, umeitisha mkutano wa hadhara. Baba Zawadi kaja na kikombe chake cha kahawa, kavuta kigoda kivulini. "Jirani, si uigonge tu na nyundo iingie?" Igonge! Sili inataka iingie sawasawa pande zote, mdomo wake umepakwa oili, kaspringi kake kanatazama ndani. Nikatafuta kipande cha bomba kinacholingana nayo, nagonga kidogo huku, kidogo kule, pumzi nimezuia, jasho linaniingia machoni. Yeye anahesabu mapigo kwa sauti.

Akapita mmoja na baiskeli ya dagaa. Naye kashuka kabisa, kaegesha. "Kaka, tundu la pumzi umeliangalia?" Spana ilikuwa mkononi, Mungu kaninusuru nisiirushe, maana kutwa nzima huyo ndiye pekee aliyesema la maana. Lile tundu likiziba matope, hewa ya moto ndani ya giaboksi inakosa pa kutokea, inaisukuma oili ipite kwenye sili, hata sili iwe ya jana. Kuchungulia, limeziba kweli. Muuza dagaa! Baba Zawadi akajifanya kahawa imemuunguza.

Nikarudisha vyuma, nikajaza oili mpya, injini ikapata moto, nikapima kwa kijiti huku inaunguruma. Safi, hata tone. Ile oili ya zamani nilikuwa nimeihifadhi kwenye dumu hapo ukutani, na ikishazeeka wekundu wake unaelekea kahawia, ukiitazama haraka utaitamani. Nanawa mikono kwa sabuni ya unga, nasikia mama mkwe, mgeni wetu kutoka Kasulu, anauliza kikaango kiko wapi. Natupa jicho ukutani. Dumu hakuna.

"Mama, mama, samahani! Hayo si mawese!"

"Mkwe wangu, mimi mawese nimeyakamua toka sijamzaa huyo mkeo. Leo utanifundisha?"

Akafungua kifuniko, akanusa. Akaniangalia. Akanusa tena.

"Ni ya gari, mama. Ya giaboksi."

"Lita moja wanauza bei gani?"

Nikamtajia. Akaliweka dumu chini taratibu, akageukia chumbani.

"We Zuhura! Mumeo analinunulia gari mafuta ya bei hii, na wewe mama yako unanipimia mawese kwa kijiko?"