Senti 10 za Gill Marcus

Gill Marcus anakumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza, ndiye mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Benki Kuu ya Afrika Kusini, chombo kilichoanzishwa mwaka 1921 na kilichongoja hadi Novemba 2009 kumpata. La pili, African Bank ilianguka miezi mitatu kabla hajaondoka. Hili la pili husimuliwa kama doa lake. Wakosoaji wana hoja, na nitazifikia, lakini wengi wao hawajakaa na hesabu za Jumapili ile, Agosti 10, 2014.

African Bank ilikopesha watu bila dhamana, na fedha za kukopesha hazikutoka kwa wateja wa dirishani. Zilitoka kwa wawekezaji wakubwa walionunua hatifungani zake, yaani vyeti vya mkopo vinavyolipa riba na kurudishwa siku maalumu, ikiwemo mifuko ya pensheni na mifuko ya soko la fedha, ile inayokusanya akiba za watu na kuzikopesha kwa muda mfupi. Benki ya namna hii haifi kwa foleni mlangoni. Hufa siku hatifungani inapoiva na hakuna anayetaka kununua nyingine. Desemba 2013 kampuni mama ilichangisha randi bilioni 5.5 kwa wanahisa. Agosti 6, 2014 ikatangaza kwamba inahitaji bilioni 8.5 zaidi, mkurugenzi mtendaji akajiuzulu, na Ijumaa ya wiki hiyo hisa moja ilikuwa senti 31.

Jumapili ile benki ikawekwa chini ya msimamizi na mikopo yake ikapasuliwa mafungu mawili. Ile mizuri, bilioni 26 baada ya kutoa tengo la hasara (fedha zinazotengwa kufidia mikopo isiyolipwa), ilipangiwa benki mpya, ambayo benki kubwa, benki nyingine iitwayo Capitec na shirika la uwekezaji la umma waliahidi kuipa mtaji wa bilioni 10. Ile mibovu, iliyoandikwa vitabuni bilioni 17, Benki Kuu ilikubali kuinunua kwa bilioni 7. Wenye amana ndogo hawakuguswa. Wenye hatifungani za daraja la juu, wale wa kwanza kwenye foleni ya kulipwa, na wenye amana kubwa za kitaasisi wangeingia benki mpya na senti 90 kwa kila randi waliyodai. Mkopaji hakupata nafuu yoyote: deni lilibaki palepale.

Ugomvi wote uko kwenye zile senti 10 zilizokatwa.

Ndani ya siku kumi Moody's, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, ilishusha daraja la Capitec, kisha la benki kubwa nne. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mwenye hatifungani ya daraja la juu alizoea kuamini kwamba benki ikikwama, serikali itamlipa hadi senti ya mwisho. Mara tu alipokatwa mara moja, hata kidogo, imani hiyo ikawa na bei, na bei hiyo huwaumiza zaidi wakopeshaji wadogo wasio na amana za kuegemea, kwa sababu wawekezaji hukimbilia kwa wakubwa. Benki Kuu ilijibu hadharani kwamba haikubaliani na tathmini hiyo. Kulikuwa na kilio kingine pia: mifuko ya soko la fedha iliuzwa kwa watu kama mahali salama kuliko pote, kisha mifuko kadhaa ikapata hasara.

Hasara kubwa kiasi gani? Tuseme mfuko uliweka asilimia 5 ya mali zake African Bank. Ukikatwa asilimia 10 ya hiyo, mfuko mzima umepungua kwa nusu ya asilimia moja. Riba ya Benki Kuu wakati huo ilikuwa asilimia 5.75 kwa mwaka, kwa hiyo nusu asilimia ni faida ya takriban mwezi mmoja. Mwenye mfuko aliamka akiwa amepoteza alichokuwa amechuma tangu mwezi uliotangulia. Inauma, hasa kwa mstaafu, ila si kufilisika. Na wawekezaji hawa walikuwa wamelipwa riba ya juu kwa miaka kadhaa kwa sababu tu African Bank ilikuwa na hatari kuliko nyingine. Kuchukua malipo ya hatari kisha kudai mlipakodi abebe hatari yenyewe ni kula huku na huku.

Wako pia wanaosema benki ingeachwa ifilisiwe moja kwa moja, na hao husahau jambo moja zaidi. Mkopo usio na dhamana hauna nyumba wala gari la kukamata. Mtu huulipa kwa kiasi kikubwa kwa sababu anataka kukopa tena mwezi ujao. Akisikia benki imekufa, hana sababu ya kuharakisha, na zile bilioni 26 nzuri huanza kuoza mikononi mwa mfilisi. Ndiyo maana ilikuwa lazima benki iendelee kukopesha hata ikiwa chini ya msimamizi.

Ninapokubaliana na wakosoaji ni kwenye muda. Ukuaji wa mikopo ya aina hii ulionekana kwa macho tangu 2010, na hata kama Benki Kuu, mdhibiti wa mabenki, ilionya kuhusu tengo dogo la hasara, maonyo hayakuizuia benki kuwarudia wanahisa wake na bakuli Desemba 2013. Ripoti ya wakili John Myburgh, aliyechunguza anguko hilo, iliyotolewa Mei 2016, iliielekezea bodi lawama nzito, na ilistahili, lakini kazi ya mdhibiti ni kuifikia bodi kabla ya mchunguzi. Tena sheria ya mabenki haikuwa tayari kwa mpango wa namna hii, ikabidi irekebishwe mwaka 2015, na benki mpya ikafungua milango Aprili 4, 2016. Kwa karibu miezi 20 mwenye hatifungani alikuwa na fedha asizoweza kuzigusa. Mifuko ilizitenga kando na kungoja. Nikiulizwa nini kiliwaumiza zaidi, nitataja kungoja huko kabla ya zile senti 10.

Tangu Juni 2023 Benki Kuu ina mamlaka kamili ya kisheria ya kushughulikia benki inayokwama, na tangu Aprili 2024 amana zina bima ya hadi randi 100,000 kwa mteja katika kila benki. Sheria hiyo imeleta pia hatifungani mpya ambazo mnunuzi anaambiwa tangu mwanzo kwamba mtaji ukiisha, atakayefuata kukatwa ni yeye.