Vistari vya Tibet si mishale

Kwenye ramani za miamba ya kina chini ya Tibet, kila kituo cha kupimia matetemeko huwekewa kistari kinachoonyesha uelekeo ambao fuwele za miamba hiyo zimelala. Wengi hukisoma kama mkondo: India inaisukuma Asia, koti la Dunia, yaani miamba iliyo kati ya ganda na kiini, linakimbilia mashariki, basi. Lakini kistari hakina kichwa cha mshale, na mchoraji hakukisahau.

Kipimo chenyewe ni cha werevu. Wimbi la tetemeko la mbali likipenya kiini cha nje, ambacho ni kimiminika, hufutiwa kila alama liliyoichukua kabla. Mgawanyiko unaoonekana kituoni basi umetokea upande wa kituo. Fuwele za olivini, madini makuu ya koti la juu, zilizolala uelekeo mmoja huligawa wimbi hilo mawili, moja likatangulia kwa sekunde moja hivi. Kaskazini mwa Tibet pengo huweza kuzidi hapo; kusini, kwingi halionekani kabisa.

Sekunde hiyo ndiyo inayonisumbua. Kilomita 100 za mwamba ambamo mawimbi hayo mawili yanatofautiana mwendo kwa asilimia 4 huitoa, au karibu yake. Kilomita 200 zenye asilimia 2 nazo huitoa ileile. Wimbi linapanda karibu wima, linajumlisha kila lilichopitia, halafu halisemi ni kina gani. Huenda tunasoma tabaka gumu la juu, lililokunjwa pamoja na milima kwa miaka milioni 50 hivi, wala si miamba laini inayotiririka leo chini yake. Wanasayansi wa matetemeko Silver na Chan waliipa nguvu hoja hiyo mwaka 1991, na kuikubali si kukana kwamba koti la Dunia linatiririka. Hata ukimya wa kusini una utata: tabaka mbili zinaweza kufutana, au fuwele zikawa zimesimama wima.

Watetezi wa mtiririko wana Yunnan, jimbo la China lililo kusini-mashariki mwa Tibet, na ni hoja nzito. Kusini mwa latitudo ya 26 kaskazini hivi, vistari hugeuka mashariki–magharibi ilhali GPS inaonyesha ardhi ikizunguka kuelekea kusini. Juu na chini haviendi pamoja. Ila mwachano huo ungeweza kuanzia ndani ya ganda lenyewe, kwenye miamba yake ya chini iliyolainishwa na joto.

Mawimbi ya tetemeko yanayosafiri kwenye uso wa Dunia, ambayo ya mtikisiko wa polepole huhisi kina kirefu kuliko ya haraka, yanaweza kutenganisha tabaka hizo, japo kwa picha yenye ukungu zaidi. Kistari kisichoandamana nayo nakihesabu kuwa mwelekeo tu, hakijawa mwendo.