Umonaki wa Magharibi Haukuanzia Monte Cassino

Ukiuliza ni nani aliyeanzisha umonaki, yaani maisha ya watawa wanaojitenga na ulimwengu kwa ajili ya sala, Ulaya Magharibi, hasa huku kwetu ambako abasia za Peramiho na Ndanda zimewazoesha watu Wabenediktini kwa zaidi ya karne moja, utajibiwa upesi kwamba ni Mtakatifu Benedikto wa Nursia. Kwa maoni yangu, jibu hilo linampa sifa ambayo yeye mwenyewe hakuidai, na linaifuta Misri katika historia hii.

Benedikto alianzisha monasteri ya Monte Cassino, nchini Italia, mnamo mwaka 529. Wakati huo monasteri ya Ligugé, karibu na Poitiers katika Ufaransa ya leo, ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 160, kwa kuwa ilianzishwa mwaka 361 na Martino, askari wa zamani wa Kirumi. Mbegu yenyewe ilitoka Afrika. Maisha ya Antoni, mkaapweke wa Misri, yaliyoandikwa na Atanasi, Askofu wa Aleksandria, yalitafsiriwa kwa Kilatini, na Augustino anasimulia kwamba maofisa wawili wa kaisari waliyasoma mjini Trier, katika Ujerumani ya leo, wakaacha kazi papo hapo ili wawe wamonaki. Mnamo mwaka 415 Yohane Kasiano, aliyekuwa ameishi na wamonaki wa Misri, alifika Marseille, akawaandikia watu wa Galia, yaani Ufaransa ya leo, mambo aliyojifunza kwa wamonaki hao. Katika Kanuni yake, kitabu cha taratibu za maisha ya kimonaki, Benedikto anaagiza maandishi hayo yasomwe jioni, na katika sura ya 73, ambayo ndiyo ya mwisho, anaiita Kanuni hiyo mwongozo mdogo wa wanaoanza.

Ukuu wake nauona katika kiasi. Katika sura ya 40 anakiri kwamba divai haiwafai wamonaki kabisa, lakini kwa kuwa wamonaki wa siku zake hawashawishiki kuamini hivyo, basi angalau wasinywe hadi kushiba. Abate, yaani mkuu wa monasteri, aliyeandika hivyo aliwajua vizuri watu aliokuwa akiishi nao. Anamtaka pia abate awaite ndugu wote kwenye shauri zito, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia kijana lililo bora.

Hata hivyo, ubora huo peke yake haukuieneza Kanuni. Kwa muda mrefu monasteri nyingi, kama Luxeuil ya Kolumbano kutoka Ireland, zilifuata kanuni nyingine au kuzichanganya, mpaka Ludoviko Mcha Mungu, kaisari wa Wafranki, katika mikutano ya mjini Aachen, Ujerumani ya leo, ya miaka ya 816 na 817, alipoamuru wamonaki wote wa milki yake waifuate ya Benedikto.