Kilichofutwa ni kodi, si usajili

Mwandishi, umesema tangu Januari 2026 bunduki ya mtutu mfupi huko Marekani ni ruksa tu kwa sababu kodi ya dola 200 imeshuka hadi sifuri. Utawaponza watu. Fomu, alama za vidole, picha na kusubiri kibali cha ATF, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia silaha, vyote vipo palepale. Bunduki yenye kitako cha begani na mtutu chini ya inchi 16, bila usajili, ni hadi miaka 10 jela. Sheria hiyo ni ya 1934, si ya jana.

Bastola yenye kishikizo cha kufunga mkononi ni habari nyingine. Kanuni ya 2023 iliyotaka nyingi kati ya hizo zihesabiwe kama bunduki fupi ilibatilishwa na mahakama ya Texas mwaka 2024. Ila ukitoa kishikizo ukaweka kitako, hata kwa dakika tano gerejini kwako, umeshatengeneza bunduki fupi.

Na bunduki fupi iliyosajiliwa huvuki nayo kwenda jimbo jingine bila kuomba ruhusa kwanza. Wadogo zangu wenye viza ya masomo, kwenu kwa kawaida hata risasi ni marufuku.