Eti Kimeanzishwa 2014

Ijumaa jioni, foleni ya feri Likoni, jua limenikaa usoni na jasho la jirani lanidondokea begani. Simu ikalia. Kundi la WhatsApp la kijijini. Mtu kaweka picha ya kibao kipya cha chuo chetu cha ufundi: rangi ya buluu na nyeupe, nembo ya kaunti juu, jina jipya refu kama gari-moshi la mizigo, na chini yake, kwa herufi za dhahabu: Kimeanzishwa 2014.

2014! Mjomba wangu alijifunza uashi pale kabla sijazaliwa, na mimi leo nina mvi.

Kundini washatuma makofi na maua. Niliandika neno moja ambalo sitalirudia hapa, nikalifuta, nikapanda feri nimefura kama chura.

Hii poli (nyinyi iteni mtakavyo, kwetu ni poli) haikuanguka kutoka mbinguni na mheshimiwa hakuja nayo kwenye prado. Miaka ya mwanzo ya uhuru watoto walimaliza shule ya msingi kwa maelfu, na sekondari zilikuwa za kuhesabu. Mwaka 1966 baraza la makanisa la Kenya likatoa ripoti likiuliza hawa watoto wakimaliza shule waende wapi, na humo ndimo lilimotoka wazo la polytechnic za vijijini. Likashuka mpaka kwetu, kijiji cha misikiti mitatu, na hakuna aliyeuliza limetoka kanisani au wapi. Mpango ulikuwa rahisi kwa makusudi: jengo la vifaa vya hapo hapo, mwalimu awe fundi wa hapo hapo, na ufundi uwe ule ambao watu wa hapo wauhitaji. Vyeti havikuwa shida ya mtu. Serikali ikaja baadaye kusaidia mishahara, na mitihani ya gredi, ile ya serikali ya kupima mafundi, ikaja nayo.

Mjomba ukimpa kahawa tungu na kaimati atakueleza mpaka Isha. Ardhi alitoa mzee mmoja kwa mdomo, bila karatasi, mbele ya watu wanne ambao wote sasa wako makaburini. Wanaume walichimba mawe ya matumbawe, wanawake walibeba maji na mchanga, kila mwenye minazi alileta makuti. Vifaa vya siku ya kwanza ni randa mbili, misumeno mitatu na timazi moja. Hiyo timazi yenyewe ilikuwa ya fundi; ikifika alasiri anaikunja, anaitia mfukoni, anaenda nayo kwake. Somo la kwanza la useremala lilikuwa madawati ya shule ya msingi. La pili, madirisha ya zahanati. Hela ya kazi hizo ikinunua misumari, wiki inayofuata watu wanasoma tena. Isiponunua, wanakwenda kuvua.

Sasa niambieni hao ni nani kama si waanzilishi.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa ni Katiba iliyoipa kaunti chuo hiki. Haya, tuisome Katiba basi, maana na mimi ninayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lasema kaunti zitasimamia polytechnic za vijijini. Zitasimamia. Maana yake zilikuwepo! Huwezi kukabidhiwa kitu ambacho hakijazaliwa. Mtu akirithi nyumba ya babake haandiki mlangoni kwamba nyumba ilijengwa siku ya matanga.

Na msidhani nalilia tarakimu. Ukifuta mwaka, umemfuta na mwenyewe. Zamani paa likivuja mkutano ulikuwa chini ya mwembe na kila mzee aliuliza swali lake, la busara na la upuuzi pia, kwa sababu mawe ya ukuta ule alibeba yeye. Mwaka jana shangazi zangu wawili walikwenda kuuliza kwa nini mashine mpya ya useremala bado imo ndani ya nailoni yake, miezi minane sasa. (Yataka umeme wa fezi tatu. Chuo hakina. Aliyeinunua hakuuliza.) Wakajibiwa na kijana wa ofisini, hata hakuinua macho kwenye simu: "Mama, hii ni mali ya serikali." Shangazi yangu mkubwa alibeba mchanga wa ukuta ule akiwa na mimba! Lakini kibao chasema 2014, na 2014 yeye hakubeba kitu.

Hapa mjini Mombasa mambo ni mengine. Chuo cha Tudor kimebadili jina mara nne na hakuna aliyethubutu kukipunguzia umri. Kilikuwa MIOME, Mombasa Institute of Muslim Education, wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 Mombasa Polytechnic, 2007 chuo kikuu kishiriki, 2013 Technical University of Mombasa. Waliotoa twawajua kwa majina na kwa pauni: Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, laki moja, Aga Khan, laki moja, Mabohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi, elfu hamsini. Hata karani wake twamjua: Ali Mazrui, huyu aliyekuja kuwa profesa mashuhuri, wakati huo kijana aliyesimama akahutubia siku ya Maulidi mbele ya Mitchell, gavana wa kikoloni, hotuba ikamfungulia njia ya Uingereza. Yote haya ni haki na yahifadhiwe. Lakini aliyetoa pauni laki moja kaandikwa. Aliyetoa makuti mia mbili na siku tisa za kuchimba mawe anaitwa "wananchi", na sasa hata hilo wamemnyang'anya.



Nitasema na la upande wa pili, shingo upande. Kaunti imejenga. Paa halivuji. Wasichana wanajifunza umeme na uchomeleaji, wakati enzi za Mjomba waliwekwa kwenye cherehani wakaambiwa shukuruni. Vyoo vina milango. Haya, asanteni. Yote hayo yangeweza kufanyika bila kusema uongo kwenye kibao.

Jumamosi nikavuka tena kwenda kumwona Mjomba. Nilidhani nitamkuta na hasira kunishinda. Kibao hakukitaja. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ule mlango u wapi?"

Karakana ya kwanza ilikuwa na mlango wa mvule, kazi ya mikono ya darasa la kwanza la useremala. Nyuma yake, karibu na komeo, walichonga kwa patasi herufi za majina yao na mwaka: 1974. Sasa pale pana mlango wa chuma. Tukazunguka nyuma ya jengo jipya na tukaukuta. Umelazwa chini, vijana wawili wanakorogea zege juu yake.

Mjomba hakupiga kelele. Alingoja wamalize koroga ile, akawasaidia kuchota ya mwisho, kisha akawaomba. Mmoja wao alisoma pale pale poli, uashi, akaona haya mpaka akautia begani mwenyewe na kutuletea kwa tuktuk hadi nyumbani.

Uko uani sasa, umeegemezwa kwenye mpapai. Mjomba aliumwagia maji, akachukua kijiko cha jikoni akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi akikwangua simiti kidogo kidogo. Herufi zikatoka. Jozi kumi na mbili nilizihesabu, na kila moja alinitajia mwenyewe: huyu alikwenda Jomvu, huyu alizama, huyu bado anatengeneza vitanda Ukunda.

"Zako ziko wapi?" nikamuuliza.

"Mimi nilikuwa muashi. Maseremala walitukataza kuuchonga mlango wao." Akaendelea kukwangua, akashuka chini kabisa, kwenye ukingo ambao hauonekani mlango ukiwa umesimama. Palikuwa na herufi mbili zilizopinda, zimechorwa kwa msumari.

Akanitazama, akacheka peke yake, akaniambia nikalete maji mengine.